Ridhaa ya Mama Lenox

Jumanne, tarehe 8 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mbithe Nzau alikuta sahihi ya marehemu kwenye ukurasa wa kumi na sita.

Alikuwa amesimama mbele ya dirisha namba tatu katika afisi ya vibali vya ujenzi, katikati ya jiji. Alikuja kuchukua nakala zilizopigwa muhuri za kibali cha lifti ya Tausi Court, jengo la orofa sita nyuma ya Westlands alikoishi na mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya wenye nyumba. Hakuugombea ukatibu huo. Siku ya uchaguzi kila mtu alitazama viatu vyake, naye akaona haya kukataa.

"Hesabu kurasa, madam, halafu usaini hapa," alisema karani, mwanamke wa makamo mwenye beji iliyoandikwa Peres. "Usirudi kesho kuniambia kuna moja imepotea."

Mbithe alihesabu. Fomu za ridhaa zilianzia ukurasa wa tisa, moja kwa kila nyumba, kumi na mbili kwa jumla. Bila ridhaa ya kila mwenye nyumba, kibali kisingetoka. Ukurasa wa kumi na sita ulikuwa wa 4B.

*Mimi, Veronicah Nasimiyu Parasa, ninaridhia ujenzi uliotajwa hapo juu.* Tarehe 3 Machi. Chini yake kulikuwa na sahihi ya mzunguko mmoja na mkia mrefu.

Mwenye 4B alikuwa Mama Lenox. Tarehe 4 Machi, siku moja baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, Mama Lenox alikuwa amemsimamisha kwenye ngazi na kumwambia, "Mbithe, hiyo fomu sisaini mpaka nijue hili jengo limesimama juu ya nini. Hata mniletee malaika." Tarehe 6 alikutwa amekufa juu ya paa, chini ya jukwaa la matangi ya maji. Polisi waliandika kwamba aliteleza. Tarehe 15 alizikwa Bungoma.

"Kuna shida?" Peres aliuliza.

"Hizi ridhaa... nani huzikagua?"

"Sisi tunaangalia kama zimejazwa. Ukweli wake ni wa katibu wenu. Si hapa ameandika kwamba amezithibitisha zote?" Peres alisogeza ukurasa wa mwisho. "Mbithe Nzau. Si ni wewe?"

Alikuwa ni yeye. Tarehe 20 Machi mwenyekiti, Mzee Ndeti, alimpa karatasi zote zikiwa tayari zimeskaniwa. Mbithe alizituma mtandaoni wakati wa chakula cha mchana, kazini kwake, akatia sahihi bila kufungua zaidi ya ukurasa wa kwanza. Nani angemkagua Mzee Ndeti?

"Nyumba yenu inapenda karatasi," Peres aliendelea. "Mwezi uliopita mama mmoja kutoka hapo hapo Tausi alikuja kutafuta michoro ya kwanza ya jengo, ile ya kitambo. Alinichekesha! Eti anataka kujua mjengo umri wake kabla haujaolewa na lifti."

"Alikuja lini?"

Peres alifungua daftari la maombi. Tarehe 5 Machi, saa nane mchana. Penye jina paliandikwa kwa mwandiko wa mwalimu wa nasari: Mama Lenox.

"Nilimwambia aandike jina la kitambulisho. Akasema hilo haliitiki."

"Naomba nakala ya hiyo michoro," Mbithe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Peres alimwambia arudie.

"Kesho saa tano. Yeye aliipata siku ile ile, lakini sasa imerudishwa stoo."

Kesho ilikuwa Jumatano. Alhamisi saa mbili asubuhi mafundi wangeanza kutoboa sakafu zote sita, kuanzia juu, ili kupitisha lifti.

*

Hapana aliyelizungumza waziwazi, lakini watu wa Tausi Court walikuwa wameacha kusimama kwenye ngazi.

Mama Lenox alikuwa na kawaida ya kugonga kuta kwa kijiko cha mbao, sikio likiwa ukutani, akisikiliza mahali palipo na uwazi ndani. Kwenye nyufa alibandika kipande cha kioo kwa saruji na kuandika tarehe kwa kalamu. Kioo kikipasuka, alisema, ukuta umesogea. Watu walimcheka. Tangu azikwe, asubuhi jua likishapanda, kitu kilisikika kikigonga juu ya paa. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Mama yake Mbithe alikuwa ameanza kufungua redio kwa sauti kila ifikapo saa nne.

Mbithe alikuwa akiyawaza hayo alipotembea kutoka afisi za vibali hadi Ngara, kwa Valarie, binti wa pekee wa Mama Lenox, aliyeuza vitambaa vya pazia. Alifika saa tano na nusu.

"Sasa, Mbithe. Mbona umepauka hivyo? Keti hapa."

Mbithe alimwonyesha picha ya fomu kwenye simu. Alikuwa ametayarisha maneno ya upole njiani, lakini hakuyahitaji. Valarie alisoma, akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio na akajifuta kwa kipande cha pazia.

"Parasa! Woi, Parasa tena!"

"Si ndilo jina lake?"

"Ni Barasa, na B. Babu yangu, baba yake mama. Huyu ni Mjomba Bramwel na maajabu yake. Jumatatu ile, tarehe kumi, alisomea jamaa wa printa jina kwa simu akiwa Bungoma, la kuweka kwa programu ya mazishi. Na unatujua sisi Wabukusu, B ikitoka mdomoni imeshakuwa P. Jamaa akaandika vile alisikia. Mjomba kufika Nairobi, akaliona kwa skrini kabla zichapwe, akapiga meza: 'Nimekwambia Parasa, mbona umeandika Parasa!'"

Mbithe alicheka pia. Ilimuumiza kucheka.

"Programu niliyopewa kanisani ina B," alisema.

"Eeh, zote zilikuwa na B. Kosa halikutoka kwa ile duka."

"Mama alikuwa anaandika jina lake hivyo mahali popote?"

"Wapi! Nyumba yenyewe iko kwa jina la baba, Makokha. Yeye kila kitu alisaini Mama Lenox, hata risiti ya maziwa." Valarie alikunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. "Unajua Lenox aliaga akiwa na miaka sita. Mimi sikumwona. Mama alisema, mtu akimwita, anamwita na Lenox. Ndiyo hakutaka jina lingine."

Mbithe alitoa kijitabu chake na kuandika. Fomu ilikuwa na tarehe 3 Machi. Kosa la Parasa lilizaliwa Jumatatu tarehe 10 Machi, siku nne baada ya kifo. Aliyejaza fomu hakulijua jina la Mama Lenox mpaka alipokuwa amekufa, na alilipata katika duka la printa.

"Vale, hiyo duka iko wapi?"

*

Duka la Kiarie lilikuwa River Road, orofa ya pili, juu ya muuza misumari. Ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Kiarie alikula chipsi huku mashine ikitema kadi za harusi.

"Hiyo jina!" alisema. "Yule mzee wa Bungoma karibu anipige. Lakini madam, mimi siandiki kwa akili, mimi naandika kwa maskio. Mteja akisema Parasa, ni Parasa."

"Nakala zenye kosa zilikuwa ngapi?"

"Moja. Ile ya kuonyesha. Tunachapa moja, familia inaangalia, ndiyo tunaendelea. Huyo mzee alikuja akaona kwa kompyuta, tukarekebisha."

"Na hiyo moja ilienda wapi?"

Kiarie alijifuta vidole, akavuta daftari la kuchukulia mizigo. "Hapa watu wote wanasaini. Tarehe kumi, saa tisa na robo. Lazarus, Tausi Court."

Lazarus alikuwa mtunza jengo. Ndiye aliyeikuta maiti.

*

Saa kumi na moja jioni Mbithe alimkuta Lazarus kwenye kibanda cha geti, akimenya chungwa. Alisimama haraka alipomwona na daftari.

"Katibu, hata mimi nimeandikiwa barua ya kufutwa?"

"Hapana, Lazarus. Nauliza tu. Tarehe kumi mwezi uliopita ulienda River Road kuchukua bahasha?"

"Nilienda. Mzee Ndeti alinituma. Alikuwa kwa kamati ya mazishi."

"Ukampa nani?"

Lazarus alisita. Alikuwa mtu mkubwa, na woga wake ulionekana vibaya kwenye mwili ule. "Mnataka kusema ni mimi. Kwa sababu ni mimi nilimpata mama. Hata polisi waliniuliza mara nne kama nilimgusa. Nilimfunika na shati yangu. Ndiyo, nilimgusa."

"Sisemi ni wewe."

"Mzee hakuwa kwake. Nikaachia jirani yake, Lornah wa 6B."

Mbithe alishukuru, akaanza kupanda. Kati ya orofa ya tatu na ya nne alisimama. Kipande cha kioo cha tarehe 1 Machi kilikuwa bado kimebandikwa juu ya ufa. Kilikuwa kimepasuka katikati, na nusu moja imeshuka kwa upana wa ukucha.

Lornah alikuwa mweka hazina wa kamati. Mama yake hakuwa ametoka nje kwa miaka miwili, kwani miguu yake haikuweza ngazi, na Lornah ndiye aliyeidai lifti katika kila mkutano. Mara ya mwisho yeye na Mama Lenox walirushiana maneno mpaka majirani wakafungua milango.

"Kama umeleta habari ya kuahirisha, rudi nayo," Lornah alisema mlangoni. "Alhamisi ni Alhamisi."

"Nimekuja kuuliza bahasha. Lazarus alikuachia, tarehe kumi."

"Ya programu? Nilimpa Mzee jioni hiyo hiyo. Akaifungua hapo ulipo, akasoma jina, akasema, 'Kumbe aliitwa hivi.' Mbona?"

Mbithe alitaka sana iwe Lornah. Mzee Ndeti alikuwa rafiki wa marehemu baba yake tangu Mwingi. Ndiye aliyemfundisha kusoma michoro ya majengo mezani pake, na mpaka leo alimwita mwiitu, binti, hata mbele ya wageni.

"Siku aliyokufa Mama Lenox, ulikuwa hapa?" Mbithe aliuliza.

"Niliambia polisi nilikuwa kazini."

"Najua uliwaambia nini, anti."

Lornah alitazama nyuma, kwa mama yake aliyesinzia kwenye kiti, akatoka nje na kuvuta mlango. Alipozungumza tena hakuwa na ukali wowote.

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa na homa. Saa nne kasorobo nikasikia nyayo juu, watu wawili, na sauti. Kitu kizito kikaanguka. Halafu saa nne ikaanza ile kugonga. Tatu, kimya. Tatu, kimya." "Nilidhani ni kile kijiko chake. Nilidhani anatuchokoza. Niliweka kichwa dirishani nikapiga kelele: 'Mama Lenox, tupumzishe!' Na ikaendelea, Mbithe. Ikaendelea karibu nusu saa."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nyinyi mnasema mnaisikia siku hizi. Mimi haijawahi kuacha."

Mbithe, ambaye hakuwahi kumshika mkono Lornah, alimshika.

Kisha alishuka mpaka getini na kumwomba Lazarus daftari la watu wanaoingia na kutoka. Tarehe 6 Machi. Mzee Ndeti aliwaambia polisi kwamba alitoka saa mbili na nusu kwenda benki Westlands. Daftari lilisema alitoka saa tatu na dakika hamsini na tano.

"Polisi hawakuiangalia," Lazarus alisema. "Hakuna aliuliza."

"Alibeba kitu?"

"Karatasi ndefu, imekunjwa. Kama ya ramani."

*

Jumatano saa tano Peres alimpa michoro. Mbithe aliitandaza kwenye benchi la wageni na kuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Nyuma ya michoro kulikuwa na barua ya ukurasa mmoja, ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Aliisoma, kisha akamwuliza Peres mahali pa kupiga nakala. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Saa kumi na moja jioni kamati ilikutana katika chumba cha mikutano kando ya geti. Mzee Ndeti aliketi kichwani mwa meza. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Lornah aliketi kulia. Lazarus alisimama mlangoni. Kwenye kona alikuwapo mgeni aliyevaa nguo za kiraia, ambaye Mbithe alimtambulisha kuwa Koplo Maina.

Mbithe hakuweza kusema bila karatasi. Alikuwa ameyaandika yote kama kumbukumbu za mkutano, na aliyasoma akiwa ameinama.

"Ajenda ya kwanza ni jina."

"Soma polepole, mwiitu," Mzee Ndeti alisema kwa upole. "Sisikii vizuri."

"Fomu ya ridhaa ya 4B ina jina Parasa. Jina hilo halipo kwenye kitambulisho, wala kwenye hati ya nyumba, wala kwenye programu iliyotolewa kanisani. Lilikuwa kwenye karatasi moja tu duniani. Karatasi hiyo ilichapwa River Road tarehe 10 Machi, na ikamfikia mwenyekiti jioni hiyo. Fomu ina tarehe 3 Machi."

"Itakuwa makosa ya tarehe. Karatasi zilikuwa nyingi."

"Tarehe kumi alikuwa amekufa siku nne, Mzee. Hata tukibadilisha tarehe, hakuna aliyeweza kusaini."

Mzee Ndeti alitoa kalamu moja, akairudisha. "Basi nilimsaidia. Alikuwa ameniambia kwa mdomo kwamba anakubali. Wazee kumi na wangapi humu wanateseka na ngazi? Nilifanya kwa sababu ya watu. Mama yako, Lornah, kwa mfano."

"Usimtaje mama yangu," Lornah alisema.

"Ajenda ya pili," Mbithe alisoma, "ni orofa." Alitandaza michoro mezani. "Hii ndiyo michoro ya kwanza. Mama Lenox aliichukua tarehe 5 Machi. Ina orofa nne. Msingi wa orofa nne, nguzo za orofa nne. Sisi tunaishi orofa sita. Na hii ni barua ya msimamizi wa ujenzi, anathibitisha kwamba jengo limejengwa kulingana na michoro. Imesainiwa J. M. Ndeti."

Nje, mtu alifunga geti. Hakuna aliyegeuka.

"Mwenye jengo aliongeza mbili," Mzee Ndeti alisema hatimaye. Hakuwa akimwambia yeyote. "Nilimkataza. Akaniambia orofa mbili si kitu, saini tu. Nilikuwa mtu wa kwanza kwetu kuvaa kofia ya msimamizi. Nikasaini. Akanipa nyumba moja, nichague. Nikachagua ya juu kabisa. Nikasema, likianguka, nianguke nalo."

"Na sisi?" Lornah aliuliza. "Sisi ulituchagulia nini?"

"Limesimama miaka ishirini na miwili!"

"Kesho saa mbili wanatoboa," Mbithe alisema. Safari hii hakusoma. "Wanakata sakafu zote sita, Mzee. Mhandisi wa lifti alipewa michoro yako, ile uliyochora upya, iliyo kwenye faili la kibali. Anaamini kuna vyuma ambavyo havipo. Unajua haya yote. Ulinifundisha wewe."

Mzee Ndeti alimtazama, na kwa mara ya kwanza akawa ndiye anayeinamisha macho.

"Ajenda ya tatu," Mbithe alisema, "ni paa."

"Sikumsukuma."

"Hakuna aliyesema."

"Alinipigia simu. 'Mzee, njoo tuhesabu pamoja.' Nikapanda. Alikuwa juu ya jukwaa la matangi, ameshika mchoro, anahesabu orofa kwa kidole, moja, mbili, kama anafundisha watoto. Nikapanda nikamwomba anipe. Akakataa. Nikavuta. Akavuta. Mchoro ukabaki mkononi mwangu."

"Alipoanguka, alikuwa amekufa?"

Lornah alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Macho yalikuwa wazi," Mzee Ndeti alisema. "Aliniita. Nilidhani Lazarus atapanda saa nne kuangalia maji, kama kawaida yake. Atamkuta. Mimi nisingekuwapo, lakini angemkuta."

Lazarus alisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Mzee, siku hiyo sikupanda saa nne. Ulinipata kwa geti ukitoka. Ulinituma Kangemi, nikutafutie gundi ya mifereji, ile ya kopo la kijani. Nilizunguka maduka yote. Hakuna duka ilikuwa nayo. Nilirudi saa tano."

Koplo Maina alifunga kijitabu chake, akasimama. Mzee Ndeti alisimama pia, kama mtu anayefunga mkutano, akapanga kiti chake chini ya meza.

"Mwiitu," alisema mlangoni, "baba yako angekuambia uje kwangu kwanza. Kabla ya hawa."

Mbithe alichukua kalamu, akaandika kwenye kumbukumbu saa ambayo mwenyekiti aliondoka: saa kumi na mbili kasoro dakika nane.

*

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, watu wa Tausi Court walikuwa uani na magodoro yao.

Polisi walikuwa wamefunga utepe kwenye geti. Mafundi wa lifti walifika na mashine zao, wakaonyeshwa karatasi, wakasimama kando wakinywa chai ya mtu. Mhandisi aliyeletwa alfajiri aligonga nguzo tatu za chini, akatazama vioo vya Mama Lenox kimoja kimoja na tarehe zake, akatoka na kusema watu wasirudi kulala humo. Hakusema kwa siku ngapi.

"Sasa tutaenda wapi, Mbithe?" mwanamke wa 2A alimpigia kelele. "Si ungetuacha tu? Ilikuwa imesimama!"

Jengo lilikuwa limesimama kweli. Madirisha yake yaling'aa kwenye jua, na nguo za mtu zilikuwa bado kambani. Halikuonekana kama kitu cha kukimbiwa. Mbithe alishika orodha ya wakazi na kutia alama penye kila jina lililotoka.

Valarie aliingia chini ya utepe saa mbili kasoro dakika tano. Koplo alikuwa amempigia simu, lakini kwa simu hawakumweleza mengi. Alisimama mbele ya Mbithe, akitazama juu, kwenye matangi.

"Walisema alikufa papo hapo," alisema. "Daktari aliandika. Ni kweli?"

Lornah, aliyekuwa karibu, aligeuza uso. Mbithe aliona kwamba angeweza kusema ndiyo, na kwamba hakuna mtu uani pale ambaye angemlaumu. Lilikuwa neno fupi. Alikuwa amesema ndiyo nyingi maishani mwake kwa sababu ya haya, na moja ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa faili la kibali.

"Hapana, Vale," alisema. "Si papo hapo."

"Muda gani?"

"Karibu nusu saa. Aliita. Aligonga, watu wakasikia, hawakuelewa." Machozi yalimdondoka juu ya orodha. "Na mimi ndiye niliyethibitisha ile fomu. Sikuisoma."

Valarie hakulia, wala hakumgusa. Alisimama hivyo mpaka mtu fulani uani akasema kwamba saa mbili imefika. Hakuna mashine iliyowashwa.

Ndipo Valarie aliponyoosha mkono na kuichukua ile orodha iliyolowa, akaitazama kwa makini, jina kwa jina.

"Hawa hawana alama," alisema. "Bado wako ndani?"

"Sita. Mama yake Lornah, na watu wa orofa ya tano. Wazee. Hawawezi ngazi."

"Nani anawatoa?"

"Lazarus yuko huko juu, peke yake."

Valarie alivua viatu vyake vya kisigino, akaviacha kando ya godoro la mtu.

"Twende," alisema, akatangulia kuingia.